Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi: Mteja wa Kwanza Ana Malalamiko

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mkurugenzi wa Teknolojia na wakuu wote wa idara,

Salamu kutoka dawati la huduma, ngazi ya pili, zamu ya usiku.

Siku mliyotutangazia kwamba kila mfanyakazi atapewa msaidizi wa akili unde (AI), mlitamka maneno ambayo sasa yamo hadi kwenye zabuni tunazopeleka nje: "Mteja wa kwanza ni sisi wenyewe." Nililipenda wazo hilo, na bado nalipenda. Kampuni inayouza huduma za kompyuta haina uso wa kumshauri mtu anunue kitu ambacho yenyewe haijakionja. Ila nimekaa kwenye dawati hili miaka kumi na moja, na kama kuna kiumbe ninayemfahamu ni mteja. Mteja akikwama hupiga simu. Simu yake hupewa namba, namba hupewa kipaumbele, kipaumbele hupewa saa. Saa zikipita bila jibu, kuna mtu humu ndani anaitwa kujieleza. Sisi wateja wa kwanza hatuna pa kupiga simu. Tumepewa dodoso.

Naandika barua hii wazi kwa sababu mara mbili nimepita njia ya kawaida, na mara zote mbili nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Nianze na usiku mmoja wa mwezi uliopita. Saa nane ikaingia tiketi, yaani taarifa ya tatizo la mteja: bakapu (kazi ya kunakili data za akiba) ya mteja mmoja imeganda, haisongi wala haifi. Sijamaliza kusoma, msaidizi keshaweka pendekezo pembeni: anzisha upya seva ya pili, watumiaji hawataathirika. Lugha safi, hatua nne zimepangwa vizuri, hata "tafadhali" imo. Nikawa kama mtu aliyesikia sauti anayoijua. Nilipobofya chanzo nikaletewa makala kutoka hazina yetu ya maarifa, na mwandishi wake ni mimi.

Niliiandika wakati seva ya pili ya mteja yule ilikuwa ya akiba, imekaa tu ikingoja mwenzake aanguke. Baadaye tukahamisha mitambo, majukumu yakageuka, na seva ya pili ndiyo inayobeba watumiaji wote hadi leo. Mimi huyuhuyu nilirudi kwenye makala nikaongeza mstari mmoja chini kabisa: "Baada ya kuhama, usifuate maelekezo haya." Msaidizi alizichukua hatua zote nne. Mstari ule akauacha.

Sikuanzisha upya chochote. Niliiua kazi iliyoganda, nikaipanga upya, ikaisha kabla ya alfajiri. Lakini mimi nilikuwa na bahati ya kuwa mwandishi. Kijana aliyejiunga nasi juzijuzi angeona nini? Angeona jibu la chombo cha kampuni, limenukuu makala ya kampuni, mbele ya saa ya kampuni inayohesabu dakika kurudi nyuma. Angebonyeza, na mimi nisingekuwa na mdomo wa kumlaumu.

Sisemi haya kwa chuki na chombo. Makala ile nilipaswa kuifuta, sikuifuta. Hilo ni langu. Lakini hazina yetu imejaa makala ambazo hazijaguswa tangu walioziandika waache kazi. Mtu akisoma makala chakavu huiona tarehe, huziona picha za skrini za toleo ambalo halipo tena, akashtuka. Msaidizi akishazisaga zote, zinatoka unga mmoja. Ndiyo maana nastaajabu kwamba fedha za leseni zilipatikana ndani ya wiki chache, ilhali ombi letu la watu wawili wa kusafisha hazina ya maarifa linaingia mwaka wa tatu.

Turudi kwenye dodoso. Mliuliza: "Je, unahisi msaidizi amekuokolea muda?" Nilijibu ndiyo, na sikudanganya. Nilihisi hivyo. Taabu iko kwenye hilo neno kuhisi. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani iliwapima watengenezaji programu 16 wazoefu katika kazi 246, kwenye miradi waliyoijua nje ndani. Walipotumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Walipoulizwa baadaye, walikadiria kwamba AI imewaharakisha kwa asilimia 20. Utafiti wenyewe ni mdogo, ulipima vyombo vya mwanzoni mwa mwaka ule, na vyombo hivi havikai vilevile miezi sita. Kwa hiyo siuleti kama hukumu. Nauleta kwa sababu unaonyesha kwamba mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi anaweza kukosea hesabu ya saa zake mwenyewe, tena akakosea kuelekea upande ule ambao mkubwa wake angefurahi kusikia.

Na saa zenyewe tunazo! Kila tiketi ina muda wa kufunguliwa, muda wa kufungwa, na lenye thamani kuliko yote, alama ya kufunguliwa tena. Dashibodi yenu ya kila Jumatatu haina hata kimoja kati ya hivyo. Inaonyesha idara ipi ina "watumiaji hai" wangapi. Nina mwenzangu, simtaji, ambaye kila asubuhi humsalimia msaidizi na kumuuliza hali ya hewa ili jina lake libaki kijani. Hali ya hewa yenyewe anaiona dirishani.

Wakati huohuo lengo la tiketi kwa kila zamu limepandishwa, kwa hoja kwamba sasa tuna msaidizi. Jaribuni kukaa nami saa moja tu. Kusoma jibu la msaidizi, kufungua chanzo, kuangalia tarehe, kulinganisha na mitambo ya mteja jinsi ilivyo leo na si ilivyokuwa: hiyo ni kazi, na ina uzito kuliko kuandika jibu langu mwenyewe, maana jibu langu nalijua lilikotoka. Kwenye mfumo wa kujaza saa hakuna kipengele cha kazi hiyo. Tunaijaza chini ya "utatuzi", au hatuijazi kabisa. Halafu mwisho wa robo mwaka takwimu zinasema kuhakiki hakugharimu kitu, na anayehakiki kwa uangalifu ndiye anayeonekana mzembe.

Kwenye slaidi zenu mlituonyesha utafiti wa Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond wa 2023, uliofuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wakati msaidizi wa AI akiingizwa kazini. Ni utafiti mzuri. Idadi ya matatizo yaliyotatuliwa kwa saa ilipanda kwa wastani wa asilimia 14, na kwa wageni wa kazi ikapanda kwa asilimia 34. Slaidi iliishia hapo. Utafiti hauishii hapo. Wazoefu karibu hawakuongeza kitu, na watafiti wenyewe wanaona ushahidi kwamba chombo kilikuwa kikiwafikishia wageni mbinu za wahudumu bora. Mgeni alikuwa akila alichopika mzoefu.

Sasa tazameni jiko letu. Tathmini yetu ya mwaka haina hata alama moja ya kuandika makala, kusahihisha makala au kukaa na kijana ukamwelekeza. Ina idadi ya tiketi ulizofunga. Mzoefu mwenye akili zake atafunga tiketi na kunyamaza. Na tiketi zile nyepesi, za nenosiri lililosahaulika na printa isiyoonekana kwenye mtandao, ambazo mnataka zote ziende kwa msaidizi, ndizo zilizotufundisha kazi. Mimi nilijifunza jinsi akaunti za watumiaji zinavyofungamana na kila kitu kingine kwa sababu nilibadilisha manenosiri kwa mwaka mzima mpaka nikachoka. Sitaki mtu arudishwe kwenye adha hiyo kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Naomba tu mtu mmoja kwenye menejimenti aseme kijana wa leo atajifunzia wapi badala yake, kwa sababu mpaka sasa sijasikia jibu.

Kuna na mambo ya lugha, ambayo nadhani huko juu hayafiki. Mteja alipiga simu akasema mfumo umezima tangu saa tatu asubuhi. Msaidizi anayegeuza simu kuwa tiketi akaandika 03:00. Mhandisi akapekua kumbukumbu za seva za saa tisa usiku, akakuta shwari, akamjibu mteja kwa heshima zote kwamba hakukuwa na hitilafu. Mteja alivyojibu sitaandika hapa. Mara nyingine, kwenye kikao, niliambiwa kazi fulani inahitajika Ijumaa, nikasema, "Sawa, nitaliangalia." Kila aliyekuwepo alielewa ile sawa ilikuwa ya nimekusikia. Muhtasari wa msaidizi ukasema nimekubali kukamilisha ifikapo Ijumaa, na ulikuwa umeshamfikia mteja kabla sijaufungua. Nilikesha Alhamisi.

Haya yote yanavumilika. Linaloninyima usingizi, hata usiku nisipokuwa zamu, ni jingine.

Kazi yetu ni kusoma maandishi ya watu tusiowajua. Barua pepe, tiketi, viambatisho, picha za skrini, kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Kwa mtu, maandishi ya mgeni ni habari tu. Modeli ya lugha, yaani injini iliyo ndani ya msaidizi, haina ukuta wa uhakika kati ya habari ya kusoma na amri ya kutii. Vyote vinaingia kwa mlango mmoja. Mtaalamu wa programu Simon Willison aliupa udhaifu huu jina la "prompt injection" Septemba 2022, akiufananisha na lile shambulio la zamani la kupenyeza amri za SQL, lugha ya hifadhidata, kwenye fomu za tovuti. Tofauti ni kwamba lile la SQL lina tiba inayojulikana, na hili hadi leo lina vipunguza makali tu. Orodha ya OWASP, taasisi ya usalama wa programu, ya hatari za modeli za lugha, ile ambayo sisi wenyewe tunawapelekea wateja, inaliweka namba moja.

Na halikubaki kwenye makaratasi. Juni 2025 yalitangazwa maelezo ya udhaifu ulioitwa EchoLeak, namba CVE-2025-32711 kwenye orodha ya pamoja ya udhaifu wa programu, ndani ya Microsoft 365 Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft. Barua pepe moja yenye maelekezo yaliyofichwa ingeweza kumfanya msaidizi avujishe taarifa za ndani, bila mpokeaji kubofya kitu chochote. Microsoft waliuziba na wakasema hakuna mteja aliyedhurika. Vema. Lakini kampuni ile ina jeshi la wahandisi wa usalama. Sisi msaidizi wetu tumemfunga kwa mikono yetu kwenye mfumo wa tiketi, akawa anasoma kila kinachoingia kabla yetu, huku akiwa na ruhusa ya kuona nyaraka za wateja wote kwa pamoja. Tiketi inatoka kwa mteja mmoja. Mchoro wa mtandao wa mteja mwingine uko umbali wa swali moja. Niliuliza kwa nini hatukumtenga kila mteja peke yake. Nikajibiwa kwamba majibu yanakuwa bora akiona vyote. Naamini. Hata mwizi huiba vizuri zaidi milango yote ikiwa wazi.

Sasa tunasikia awamu inayofuata ni wakala, yaani msaidizi atakayepewa uwezo wa kutekeleza amri kwenye seva mwenyewe. Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kutengeneza programu, alifuta hifadhidata hai ya mtumiaji, ilhali alikuwa ameagizwa asibadilishe kitu. Nikikumbuka ile seva ya pili ya saa nane usiku, na kwamba kilichokuwa kati ya pendekezo na watumiaji wa mteja ni kidole changu tu, naomba awamu hiyo isimame hadi hazina isafishwe na wateja watenganishwe. Naomba hilo kama mtu ambaye ndiye atakayepigiwa simu.

Ruhusa za humu ndani nazo ni hadithi yake. Mwenzetu mmoja alimuuliza msaidizi swali la kawaida kabisa, mpango wa idara yetu mwaka ujao ukoje, ili aandae likizo yake. Akaletewa muhtasari wa rasimu ya muundo mpya. Msaidizi hakuvunja kufuli, kwa kuwa kufuli halikuwepo. Folda ile ilishirikishwa kwa wafanyakazi wote tangu zamani, na kilichoilinda muda wote ni kwamba hakuna aliyejua iko wapi. Tunawauzia wateja ukaguzi wa ruhusa za faili kabla hawajawasha chombo kama hiki. Mteja wa kwanza hakukaguliwa.

Ndiyo, tumeiona rasimu. Viti vya ngazi ya kwanza, ya wanaopokea simu mwanzo, ni pungufu kuliko vya leo. Afadhali tuisikie kwenu kuliko kwa mashine. Mkiwa bado hamjaamua, tazameni Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden: Februari 2024 walitangaza kwamba msaidizi wao anafanya kazi ya wahudumu 700, na mwaka 2025 wakaanza tena kutafuta wahudumu binadamu, mkurugenzi wao akikiri kwamba kubana gharama kulishusha ubora. Sidai kwamba na sisi yatatukuta hayohayo. Nachosema ni kwamba wenzetu walihesabu faida mapema mno.

Kwa haki yenu, jambo moja mlilifanya vizuri na sijasikia mtu akiwashukuru. Kabla ya leseni, watu walikuwa wakibandika kumbukumbu za seva za wateja kwenye akaunti zao binafsi za ChatGPT. Mwaka 2023 Samsung walikuta wahandisi wao wamefanya hivyo kwa msimbo wa kampuni, wakapiga marufuku. Nyinyi hamkupiga marufuku, mlileta chombo chenye mkataba unaolinda data. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wazima, na kwa ajili ya huo ndiyo maana najisumbua kuandika.

Lakini mkataba huohuo ulifuatiwa na waraka wenu wenye sentensi moja iliyokolezwa wino: "Mtumiaji anawajibika kwa matokeo yote ya msaidizi." Nimeisoma mara nyingi. Mnamchagua nyinyi, mnampa ruhusa nyinyi, mnamlisha hazina isiyosafishwa nyinyi, mnapandisha lengo la tiketi nyinyi, kisha jibu likiwa bovu linakuwa langu. Shirika la ndege la Air Canada walijaribu kitu kinachofanana na hicho mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, wakidai roboti yao ya mazungumzo iliyompotosha abiria inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likawakatalia na kuwaamuru walipe. Wao waliitupia mashine lawama, nyinyi mmemtupia mtu wa zamu. Mteja wetu akishtaki hatamshtaki yeyote kati ya hao wawili.

Andikeni upya sentensi hiyo. Semeni kampuni inawajibika kwa chombo, na mfanyakazi anawajibika kuhakiki pale alipopewa muda wa kuhakiki. Uwekeni muda huo kwenye mfumo wa kujaza saa uwe na jina lake. Na mtupe kile anachopewa kila mteja mwingine: namba ya tiketi msaidizi anapokosea, mtu mwenye jina wa kuipokea, na saa za kujibu. Makosa hayo yakikusanywa miezi sita mtakuwa na kitu ambacho washindani wetu hawana cha kumwonyesha mteja, na kitauza kuliko zile slaidi.

Usiku wa kuamkia leo nimejaribu kuanza mwenyewe. Nimefungua tiketi kwenye mfumo wetu. Kwenye orodha ya wateja jina la kampuni yetu halimo, nikachagua "Nyingineyo". Aina: hitilafu. Kipaumbele: cha pili. Maelezo nimeandika ya usiku ule wa seva, pamoja na kiungo cha makala yangu. Msaidizi ameisoma ndani ya sekunde chache, amenishauri nianzishe upya kompyuta yangu, na ameifunga kama iliyotatuliwa.

Nimeifungua tena.

Wenu katika kazi,
Mhandisi wa zamu, dawati la huduma